Mtoto Anayehesabiwa Hapotei

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kabla ya wimbo na kabla ya sala, tunahesabu watoto. Nasimama chini ya mwembe, nyuma ya kanisa la parokia yetu hapa Kabambare, daftari mkononi, na kila mkubwa wa ekipe anaita majina ya wenzake. Jina lisipoitikiwa tunaulizana: anaumwa? Yuko shamba? Kama hakuna ajuaye, ekipe yake inapita kwao jioni hiyo hiyo.

Mimi ni fundi wa kushona na mlezi wa Xaveri. Kwa msomaji wa mbali, Xaveri ni chama cha vijana Wakatoliki kilichozaliwa huku kwetu mashariki mwa Kongo. Kilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu wanawaita Mapadri Weupe. Mwaka huo ilitimia miaka 400 tangu afariki Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyefia kisiwani karibu na China tarehe 3 Desemba 1552. Ndiye somo wetu.

Vijana wanagawanywa kwa umri, kisha kwa ekipe ndogo. Wanasali na kusoma Injili. Wanalima pia, wanapika, wanaongoza kikao, wanatunza sanduku la pesa na kutoa hesabu mbele ya wote. Shamba letu ni la karanga na muhogo. Kwa mavuno ya misimu miwili tulinunua mashine ya kushonea, na kwa mashine hiyo wasichana sita wamejifunza kukata na kushona sare za shule. Aliyejua anamfundisha anayefuata. Hiyo ndiyo ada yake.

Kwa nini nang'ang'ania daftari? Kwa sababu eneo letu lina dhahabu, kule Namoya na Salamabila, na dhahabu huita watoto. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari mzazi bado analipa. Mtoto wa miaka kumi na minne akirudishwa nyumbani kwa deni, anamwona jirani yake ametoka machimboni na simu na viatu vipya. Anaondoka alfajiri bila kuaga. Huko mashimo hubomoka na kufukia watu, na vikundi vyenye silaha vimeshawachukua watoto wengi wa Kabambare na kuwaingiza msituni.

Kijana mmoja wetu alikosekana Jumamosi tatu. Nilijiambia atakuja, nilikosea. Jumamosi ya nne tulipofika kwao, mama yake alikuwa ameketi mlangoni, hana la kusema. Mjomba wake alimfuata machimboni, akamkuta akiosha mchanga ndani ya maji mpaka kiunoni. Kijana alirudi baada ya miezi mitano, amekonda, anatembea akiangalia chini. Wenzangu walitaka aombe msamaha mbele ya wote. Mimi nilimpa daftari, nikamwambia, "Baba, wewe ndiye utawahesabu wadogo." Aliangalia majina kwa muda mrefu. Halafu akaanza kuita, na wadogo wakaitika. Siku hizi anasukuma baiskeli ya mawese hadi Kasongo na kumlipia dada yake masomo. Jumamosi akiwa nyumbani, yeye ndiye hufika wa kwanza chini ya mwembe.

Kazi hii si ya Wakatoliki peke yetu. Uislamu ulifika mkoa wetu wa Maniema katika karne ya 19 pamoja na watu wa pwani, siku ambazo Kasongo ilikuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, na leo hakuna mtaa hapa usio na Waislamu. Jirani yangu anafundisha madrasa. Naye ana orodha yake, na mwanafunzi wake akikosekana huja kuniuliza kama wangu wamemwona. Tulipotengeneza chemchemi iliyoziba, vijana wa msikiti walikuja na majembe, wa Xaveri na mawe, na akina mama wa pande zote mbili wakapika sombe.

Somo wetu mwenyewe, Fransisko Ksaveri, alipita pwani ya Waswahili. Mwaka 1542, akisafiri kwenda India, merikebu yake ilitia nanga Malindi. Aliandika katika barua kwamba mzee mmoja Mwislamu alimuuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu, akisikitika kuwa katika misikiti 17 ya mji wake ni mitatu tu iliyokuwa ikisaliwa, tena na wachache. Mzee yule alikuwa na uchungu ninaoujua. Sisi pia tunapiga kengele, jirani yangu anaadhini, na vijana wanapita njia yao. Lakini nimeona kwamba kijana hurudi pale ambapo jina lake linajulikana, na hukaa pale alipopewa mdogo wa kumwangalia.

Ndugu msomaji, uwe wa kanisa au wa msikiti, daftari moja na kalamu vinatosha kuanza. Andika majina ya vijana wa mtaa wako. Asiyeitika wiki hii, mfuate wiki hii hii. Usingoje Jumamosi ya nne.