Elimu ya Milima ya Njombe Irejee kwa Wenye Milima

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Songea huiacha barabara kuu ya Zambia pale Makambako, akashika njia ya Njombe, na baridi ikampokea. Huyaona mashamba ya chai, misitu ya misonobari na viazi vilivyopangwa kando ya barabara. Asichokiona ni chemchemi. Magharibi yake, katika safu ya Kipengere na uwanda wa Kitulo wilayani Makete, huanzia mito inayoteremka Usangu, ikakusanyika kuwa Ruaha Mkuu, kisha ikajaza mabwawa ya Mtera na Kidatu. Taa iwakayo Magomeni ina deni kwa mkulima wa huko juu.

Kwa miaka mingi wataalamu wa ndani na wa ng'ambo wameichunguza milima hii. Hatuulizi kama waje au wasije, kwani elimu haina uraia. Tunauliza wenyeji hubaki na nini wataalamu wakishaondoka.

Tuanze na la kheri. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, lenye makao yake New York, walikuwa wakifanya kazi kuzunguka Mlima Rungwe. Walikuwamo Tim Davenport na Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Wawindaji wa Kinyakyusa wakawaeleza habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wangeweza kuzipuuza, wakidhani ni ngano za wazee. Hawakufanya hivyo, wakaingia msituni, wakamwona, na wakamkuta pia katika misitu ya Livingstone upande wa Kitulo. Timu nyingine ilimkuta Udzungwa mwaka 2004, na mwaka 2005 ulimwengu ukatangaziwa. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kima 1,117 tu. Hadi leo jina lake la kisayansi limebeba neno lile lile la wawindaji. Hiyo ndiyo adabu ya kutafuta elimu: kumuuliza ajuaye, hata kama hana shahada.

Suala la okidi ni zito zaidi. Maua haya ya uwanda wa juu yana mizizi minene mfano wa viazi, na ndugu zetu wa Zambia huisaga, wakaichanganya na karanga, wakapika kitoweo kiitwacho chikanda. Mwaka 2003 Davenport na Henry Ndangalasi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha makadirio kwamba viazi hivyo vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia vilifikia hata milioni 4 kwa mwaka. Anayechimba hung'oa kiazi, na aghalabu mmea wote hufa. Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba zipatazo 412, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Hatuna shaka na faida ya hifadhi hiyo. Hata hivyo tusiharakishe kumhukumu mama aliyekuwa akichimba. Gunia lile lilikuwa sabuni, chumvi na ada ya mtoto. Utafiti unaohesabu viazi bila kuhesabu ada hiyo umefika nusu ya safari.

Ndivyo ilivyo pia kwa vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazoilisha Njombe wakati wa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Msingi wake si mgeni kwetu, kwani wanazuoni wa fiqhi walikwishazungumzia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo haifai mtu kuliingilia. Lakini mwenye kinyungu alichorithi kwa babu yake atauliza: nihamie wapi? Mtaalamu asiyekuwa na jibu na akae chini alitafute pamoja naye.

Inawezekana. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka nyakati za kiangazi, na lawama zikazagaa kila upande. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliwapelekea wakulima wa Usangu ubao wa mteremko na gololi. Gololi ni maji, na ubao ni bonde. Aliye juu akizikinga zote kwa vijiti, aliye chini hukaa mikono mitupu, naye humtazama jirani yake usoni. Hapo maneno huanza, tena kwa Kiswahili na Kisangu, bila mkalimani wa kitaalamu.

Linganisha na ripoti nene ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini mjini. Tunawaomba viongozi wa vijiji, na maimamu wa misikiti ya Njombe na Makambako, kila timu ya utafiti inapokuja kupiga mhuri wa kibali, waulize mapema: matokeo yatasomwa lini katika mkutano wa kijiji, na kwa lugha gani?