UNAOGOPA KUPIGA HESABU? HASARA HAIKUSUBIRI UWE TAYARI



Leo tuongelee kitu ambacho wengi hatusemi: uoga wa kufungua daftari. Unajua umeuza, M-Pesa imeingia, ila hujumlishi kwa sababu unaogopa kukuta umefeli. Sasa sikia: hesabu haileti hasara. Hasara kama ipo, ipo tayari. Hesabu inakuonyesha tu ilipojificha.

Mimi nauza masweta hapa Karatu. Tuchukue mfano wa sweta moja:

➡️ Kununua Arusha: 12,000
➡️ Nauli ya mzigo: 1,000
➡️ Bodaboda mpaka kwa mteja: 1,500
➡️ Mfuko na bando: 500
Jumla 15,000. Unauza 18,000.

Faida yako ni 3,000, siyo 6,000. Ukitumia ile 6,000 nyumbani, 3,000 ni mtaji unaula. Ukiuza masweta 20 hivyo, umekula 60,000, yaani masweta 5 mazima. Halafu unasema biashara ina mkosi!

Huku kwetu kuna na jambo la msimu. Juni mpaka Oktoba wageni wa Ngorongoro ni wengi, madereva na wahudumu wa lodge wana hela. Aprili na Mei, masika, mji unapoa. Na Aprili 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kwa ajili ya korona, zikaruhusiwa tena Mei 18. Karatu nzima iliisikia ile. Mauzo yakishuka hivyo siyo kwamba wewe umefeli, ila ukiwa huna akiba utaumia.

Fanya hivi:

1️⃣ Tenga laini. Moja ya biashara, moja ya kwako. Jilipe kiasi kilekile kila wiki, kitoke kwenye faida.

2️⃣ Kila usiku andika vitu vitatu: nilichouza, nilichotumia, ninachodai. Dakika kumi tu. Wale wa "nikipata mshahara nakupa" waandike jina na tarehe. Deni siyo hela mpaka liingie.

3️⃣ Weka akiba ya masika. Ukitoa 500 kwenye kila sweta, ukauza 40 kwa mwezi, Juni mpaka Oktoba una 100,000. Iweke kwenye kikoba au sehemu ambayo mkono hauifikii kirahisi.

4️⃣ Usifiche pengo kwa mkopo wa kausha damu. Uoga ndio unawapeleka wengi huko: mtu hataki nyumbani wajue, anakopa kimyakimya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali", hakikisha anayekukopesha ana leseni, na jua unarudisha shilingi ngapi jumla.

5️⃣ Jaribu kidogo. Bidhaa mpya chukua 5, siyo 50. Zikigoma umepoteza kidogo na umejifunza, duka bado lipo.

Wazee walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Leo usiku anza na mauzo ya leo tu. Ya mwezi uliopita yaache kwanza, utayafikia.

Wewe unaogopa nini zaidi, kuhesabu au kudai? Tuandikie hapa chini, tusaidiane. 🙏