Hesabu si mali ya watoto wa wakubwa



Katika kila shamba kubwa yuko mtu anayeshika daftari, na yuko mwingine anayesimama kwenye mizani. Sisi tulio wengi hupita mbele yao tukitaja majina yetu, nasi tukaambiwa tumepata kiasi gani na tumekatwa kiasi gani. Kiwandani ni hivyo hivyo siku ya mshahara. Asiyejua hesabu hana la kujibu. Na mtoto wake, akitoka shuleni baada ya kuambiwa kwamba hana kichwa cha hesabu, atakuja kusimama katika foleni ile ile. Kwa hiyo mafundisho ya hesabu ni jambo la wafanyakazi, sawasawa na mshahara na saa za kazi.

Safari hii tunaeleza habari za mwalimu mmoja wa Marekani, Robert Moses, na njia aliyoianzisha ya kuwafundisha hesabu watoto wa maskini. Tunamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, mapambano yake yalianza miongoni mwa watu wa mashamba ya pamba. Pili, kabla ya kuianzisha njia hiyo alifundisha hesabu hapa jirani, huko Same, Tanzania.

MIZANI YA MISSISSIPPI

Moses alizaliwa mwaka 1935 huko Harlem, New York. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akawa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1961 aliacha kazi yake, akaenda jimbo la Mississippi kuwasaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura.

Wengi wa watu hao walilima pamba katika mashamba ya Wazungu kwa kugawana mazao. Mwenye shamba alitoa ardhi, na mbegu na chakula kwa mkopo; mkulima na jamaa yake walitoa jasho. Mwisho wa msimu mwenye shamba alifungua daftari lake, akapiga hesabu mwenyewe, na mara nyingi mkulima aliambiwa kwamba hakubakiwa na kitu, au kwamba bado anadaiwa. Abishe kwa hesabu gani, naye hakupewa nafasi ya kusoma? Shule za watoto weusi zilifungwa wakati wa kuchuma pamba ili wakachume.

Mmoja wao alikuwa mama Fannie Lou Hamer. Kwa kuwa alijua kusoma na kuhesabu, alifanywa karani wa shamba. Aliona jinsi mizani ilivyochezewa ili pamba ionekane nyepesi. Basi bwana shamba alipokuwa mbali, alitumia jiwe lake mwenyewe la mizani ili wachumaji wapate haki yao. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Siku ile ile alifukuzwa katika shamba alilolitumikia miaka 18.

Serikali ya jimbo ilikuwa na hila yake. Aliyetaka kupiga kura alipewa kifungu cha katiba akisome na kukieleza, na karani Mzungu ndiye aliyeamua kama ameeleza vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kila watu weusi 100 waliostahili kupiga kura Mississippi, walioandikishwa hawakufika 7. Wakubwa walisema: watu hawa hawapendi siasa. Mwaka 1963 jaji alimwuliza Moses kwa nini analeta watu wasiojua kusoma kuandikishwa. Jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba nchi haiwezi kuwanyima watu elimu, kisha ikawanyima kura kwa sababu hawana elimu. Sheria ya kulinda haki ya kura ilipitishwa mwaka 1965, baada ya watu kupigwa, kufungwa na wengine kuuawa.

ALJEBRA NI LANGO

Kutoka mwaka 1969 hadi 1976 Moses na mkewe waliishi Tanzania, na watoto wao wakapewa majina ya kwetu: binti yao mkubwa anaitwa Maisha. Waliporudi Marekani walikaa mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1982 Maisha aliingia darasa la nane, na baba yake akagundua kwamba shule yake haifundishi aljebra katika darasa hilo.

Pengine msomaji atauliza: aljebra ina nini hata ipiganiwe? Aljebra ni hesabu ya kutafuta kiasi kisichojulikana kwa kutumia viasi vinavyojulikana, na ya kuandika kanuni moja itakayofaa kila mara. Mshahara ni siku za kazi mara malipo ya siku, toa makato: hiyo tayari ni aljebra. Katika shule za Marekani, mtoto asiyeipata mapema mara nyingi hukosa nafasi ya kumaliza hesabu za juu za sekondari, na bila hizo ni vigumu kuingia kwenye uhandisi, udaktari au kazi za kompyuta. Lango hilo hufungwa mtoto akiwa na miaka 13 au 14, kabla hajajua kwamba ni lango.

Nani hufungiwa? Shule huwagawa watoto kwa makundi, "wenye akili" huku na "wazito" kule. Moses alipotazama makundi hayo aliona kwamba kundi la juu lilijaa watoto Wazungu wa watu wenye nafasi, na kundi la chini watoto weusi na watoto wa maskini. Tena alisikia maneno aliyoyasikia Mississippi: watoto hawa hawapendi hesabu. Alianza kwa kumfundisha Maisha na wenzake wachache, nao wakafaulu mtihani wa aljebra wa mji mzima. Hapo ndipo ulipozaliwa Mradi wa Aljebra, ambao baadaye ulienea katika miji mingi ya Marekani.

NJIA YENYEWE

Moses aligundua kwamba watoto wengi hukwama mahali pamoja. Katika hesabu za chini wamezoea swali moja tu: ngapi? Aljebra inauliza na swali la pili: kuelekea wapi? Bila swali hilo, namba zilizo chini ya sifuri hazina maana kwao.

Basi aliwachukua wanafunzi wakapanda treni ya chini ya ardhi. Waliporudi walichora safari yao. Kisha waliisimulia na kuiandika kwa maneno ya nyumbani kwao, kila mmoja kama aonavyo. Baada ya hapo waliyachambua maneno yao ili kupata yaliyo muhimu: mwanzo, mwisho, umbali na upande wa kuelekea. Mwisho kabisa ndipo walipoweka alama za hesabu. Hatua ni tano: kutenda, kuchora, kusimulia, kupanga maneno, kuandika alama. Shule nyingi huanza na hatua ya tano, na anayeshindwa huitwa mjinga.

Tuchukue treni hiyo. Vituo vinafuatana hivi: Harvard, Central, Kendall, Charles, Park Street. Tuite Central sifuri. Kuelekea Boston, Park Street ni kituo cha 3. Kwa upande wa pili, Harvard ni kituo 1 nyuma ya sifuri, yaani hasi 1. Mtu akipanda Harvard akashuka Park Street, amepita vituo vingapi? Tunachukua mwisho, tunatoa mwanzo: 3 toa hasi 1. Wengi hujibu 2. Lakini hesabu kwa kidole: Central, Kendall, Charles, Park Street. Ni 4. Mtoto aliyesafiri kwa miguu yake haihitaji fimbo ili akubali.

Mambo hayo yamo pia katika kazi zetu. Tuseme mchuma chai anatakiwa kuleta kilo 30 kwa siku. Jumatatu ameleta 34: amezidisha 4. Jumanne ameleta 24: amepungukiwa 6. Kwa siku mbili yuko hasi 2. Sasa ikathibitika kwamba zile kilo 6 za upungufu ziliandikwa kwa makosa, kwa kuwa mizani ilikuwa mbovu. Kuondoa upungufu ni kuongeza: hasi 2 toa hasi 6 ni 4. Anastahili ziada ya kilo 4. Mwanafunzi wa sekondari anayeshindwa kuitatua hesabu hiyo ubaoni huenda akaielewa mara moja akiambiwa kwamba ni chai ya mama yake.

Na jambo la lugha lisisahauliwe. Katika mashamba yetu darasa moja huwa na watoto wa makabila mengi, na hesabu hufundishwa kwa lugha ambayo wengine hawajaishika vizuri. Mtoto akinyamaza, mwalimu hudhani hajui, kumbe amekosa maneno tu. Akiruhusiwa kusimulia kwanza kwa lugha aliyoizoea, akili yake itaonekana.

KUFUNGUA LANGO PEKE YAKE HAKUTOSHI

Hatusemi kwamba watoto wote wasukumwe ndani ya darasa gumu, kisha waachwe. Mji wa Chicago ulifanya hivyo: mwaka 1997 uliamuru kila mwanafunzi wa darasa la tisa asome aljebra. Wachunguzi waliopima matokeo walikuta kwamba walioanguka waliongezeka na alama za mtihani hazikupanda. Mwaka 2003 mji huo ulibadili mpango: mwanafunzi aliyekuwa dhaifu alipewa vipindi viwili vya aljebra kila siku badala ya kimoja. Waliopata vipindi hivyo walimaliza sekondari kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa hali kama yao waliokosa.

Moses naye alifuata mkondo huo. Katika miaka ya 1990 alirudi Mississippi, akafundisha sekondari ya Lanier mjini Jackson. Mpango wake ulikuwa kuwachukua wanafunzi wa chini kabisa na kuwapa hesabu dakika 90 kila siku kwa miaka minne, hesabu kamili wala si za kuwapunguzia. Mwaka 1996 vijana waliopitia mikononi mwake waliunda chama chao cha kuwafundisha hesabu wadogo zao. Moses alifariki mwaka 2021.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Wapo wanaosema kwamba ukiwafundisha wote, utawashusha walio bora. Ni hoja ya kale. Haki tunayoidai ni kwamba hesabu nzuri anayopewa mtoto wa meneja apewe na mtoto wa mkata miwa, na anayehitaji muda zaidi aongezewe muda. Kumpa mtoto wa maskini hesabu nyepesi ili afaulu kwa jina tu ni kumnyima, sawa na mizani iliyochezewa.

Basi katika mikutano ya wazazi tuulize maswali haya. Watoto wamegawanywa kwa makundi, na kwa kipimo gani? Mwalimu hodari wa hesabu amewekwa darasa gani? Kundi la chini linapata vipindi vingapi kwa juma? Je, mtoto anaruhusiwa kusema anavyofikiri, au anakariri tu? Katika matawi ya chama, wale wanaojua hesabu wawakusanye wenzao na vijana jioni, wasome pamoja hati za mshahara na karatasi za mizani.

Huko Mississippi mambo yalibadilika pale wachuma pamba wenyewe walipopanga foleni mbele ya ofisi ya kura, hata yule aliyesema hawapendi siasa akakosa la kusema. Watoto wetu nao waidai hesabu kwa sauti yao, na sisi wazazi tusimame nyuma yao.