Mkono Dhaifu na Nyimbo Mpya

Mzazi ambaye mtoto wake amelemazwa na ugonjwa, na mwalimu mwenye mtoto wa namna hiyo darasani, mara nyingi hujiuliza: Huyu atafaa kazi gani? Leo twawaletea habari za mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, ili mzipime wenyewe.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1943 katika mji wa Fort Macleod. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alishikwa na polio, ugonjwa ambao huharibu mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo, hata misuli ikakosa amri na kunyong'onyea. Akapelekwa hospitali ya Saskatoon, mbali na kwao, wala hakujua kama atatembea tena. Sikukuu ya Krismasi ilipokaribia, aliimba nyimbo za Noeli kitandani kwa sauti kuu, wagonjwa wenzake wakimsikia. Yeye mwenyewe husema kwamba uimbaji wake ulianzia huko.

Alitoka akitembea, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki dhaifu. Nanyi mwajua kwamba mpiga gitaa hukandamiza nyuzi kwa vidole vya mkono huo, tena hutakiwa kuvigeuza upesi. Vidole vyake havikuyaweza yote. Je, aache? La. Badala ya kuulazimisha mkono ulifuate gitaa, alilifanya gitaa liufuate mkono. Alilegeza nyuzi hizi na kukaza zile, hata zikipigwa zote bila kukandamizwa hutoa sauti zinazopatana. Hapo kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi chatosha kuzipandisha sauti zote pamoja.

Kwa njia hiyo alipata mapatano ya sauti ambayo wenye mikono mizima hawakuyazoea, nayo yakawa alama ya nyimbo zake. Santuri yake iitwayo Blue, iliyotolewa mwaka 1971, husifiwa hata leo.

Mwaka 2015 alipatwa na msiba wa pili: mshipa wa damu ulivimba katika ubongo wake. Ikambidi ajifunze upya kusema, kutembea na kupiga gitaa, akizitazama picha zake za zamani ili aone vidole huwekwa wapi. Hata tarehe 24 Julai 2022 akaimba tena mbele ya watu wengi huko Newport, Marekani, ameketi kitini. Na Februari 2024, mwenye miaka 80, akaimba katika sherehe ya tuzo za Grammy.

Tusiseme kwamba ugonjwa ni zawadi. Polio imeua na kulemaza watoto wengi, na chanjo ya kuizuia ipo tangu mwaka 1955. Mzazi asichelewe kumpeleka mtoto wake. Lakini yule aliyekwisha kupatwa asihesabiwe kwa kiungo kilichopungua. Ewe mwalimu, kabla ya kumwambia, "Huwezi," tafuta kwanza jinsi ya kukitengeneza chombo kilingane na mkono wake.