Mpangilio wa Saraka za Mafaili ya Usimamizi wa Vifurushi katika Mifumo ya Linux

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna mafaili ya usimamizi wa vifurushi vya programu yanavyogawanywa katika saraka mbalimbali za Linux. Hoja kuu ni kwamba mahali faili linapowekwa hudokeza kitakachotokea likipotea. Mifano imechukuliwa kutoka Debian, Arch Linux na Fedora.

1.0 Utangulizi
Kifurushi ni faili moja lililobeba programu, maelezo yake na orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo inavitegemea. Kazi ya kukipakua, kukisakinisha na kukiondoa hufanywa na programu maalumu, kama vile dpkg na apt katika Debian, rpm na dnf katika Fedora, au pacman katika Arch Linux. Programu hizi nazo huzalisha mafaili yake zenyewe: vifurushi vilivyopakuliwa, rekodi za vilivyosakinishwa, orodha za vinavyopatikana na kumbukumbu za matukio.

Umuhimu wa mafaili hayo hudhihirika zaidi siku diski ya seva inapojaa. Msimamizi anayetafuta nafasi hukuta saraka ya /var imevimba, naye hushawishika kufuta. Akifuta vifurushi vilivyomo katika /var/cache/apt/archives, ataweza kuvipakua tena. Akifuta /var/lib/dpkg, programu zitaendelea kufanya kazi, lakini mfumo hautajua tena una vifurushi gani, wala hautaweza kuvisasisha ipasavyo. Hivyo basi, swali la saraka si la unadhifu tu, bali linahusu uhai wa mfumo.

2.0 Msingi wa Mgawanyo
Mpangilio wa saraka za Linux uliandikwa kwa mara ya kwanza kama kiwango cha pamoja tarehe 14 Februari 1994, kwa jina la FSSTND. Baadaye kiwango hicho kilipanuliwa na kuitwa FHS, na toleo lake la 3.0 lilitolewa mwaka 2015. FHS huyatenga mafaili kwa vigezo viwili. Kigezo cha kwanza ni iwapo faili linaweza kutumiwa na kompyuta zaidi ya moja au ni la kompyuta moja tu. Kigezo cha pili ni iwapo faili hubaki vilevile mpaka msimamizi aingilie kati, au hubadilika lenyewe mfumo unapofanya kazi.

Kwa mujibu wa vigezo hivyo, /usr hubeba programu zisizobadilika ovyo, /etc hubeba usanidi wa kompyuta husika, na /var hubeba data inayobadilika. Ndani ya /var, kiwango hiki kinatofautisha /var/cache, ambayo yaliyomo yanaweza kufutwa bila kupoteza data, na /var/lib, inayohifadhi hali ya programu. Vilevile, /var/log hutunza kumbukumbu za matukio. Katika Debian, faili la /var/log/dpkg.log huonyesha kifurushi kipi kilisakinishwa au kuondolewa, na lini.

3.0 Mgawanyo katika Debian

3.1 Usanidi
Anwani za hazina ambamo vifurushi hupakuliwa huandikwa katika /etc/apt/sources.list au katika mafaili yaliyomo ndani ya /etc/apt/sources.list.d. Mafaili haya ni maamuzi ya binadamu. Kwa sababu hiyo, dpkg inaposasisha kifurushi na kukuta faili lake la usanidi limebadilishwa na msimamizi, kwa kawaida humwuliza kabla ya kuweka toleo jipya.

3.2 Akiba ya muda
Vifurushi vilivyopakuliwa huwekwa katika /var/cache/apt/archives, na amri ya apt clean huviondoa kwa usalama. Hata hivyo, kufutika bila madhara hakumaanishi kukosa thamani. Kwa mtumiaji anayelipia intaneti kwa kipimo, kupakua upya ni gharama. Aidha, watumiaji wa Arch Linux huitumia /var/cache/pacman/pkg kurudi kwenye toleo la awali endapo toleo jipya lina kasoro, kwa kuwa toleo la zamani huenda limekwisha kuondolewa katika hazina kuu.

3.3 Hali ya mfumo
Kiini cha rekodi za Debian ni faili la /var/lib/dpkg/status. Hili ni faili la maandishi ya kawaida, lenye aya moja kwa kila kifurushi, ikitaja jina, toleo na hali yake. Saraka ya /var/lib/dpkg/info huorodhesha mafaili yaliyowekwa na kila kifurushi, pamoja na hati zinazotekelezwa wakati wa kukisakinisha au kukiondoa. Rekodi hizi hazipakuliwi kutoka hazina yoyote, kwa sababu zinaeleza historia ya kompyuta moja tu. Ndiyo maana Debian hutunza nakala za faili la status katika /var/backups.

Ikumbukwe kuwa jina la saraka pekee halitoshi kuamua. Ndani ya /var/lib/apt mna saraka ya lists, ambayo hujengwa upya kwa amri ya apt update. Kando yake lipo faili la extended_states, linalotaja vifurushi vilivyoingizwa kwa sababu tu vingine vilivihitaji. Likipotea faili hili, mfumo huviona vifurushi vyote kuwa viliombwa na msimamizi mwenyewe, na amri ya apt autoremove haitabaini visivyohitajika tena. Majirani wawili katika saraka moja, basi, wana hatima tofauti.

4.0 Kuhamishwa kwa Hifadhidata ya RPM
Kwa miaka mingi hifadhidata ya rpm ilikaa katika /var/lib/rpm. Katika Fedora 36, iliyotolewa mwaka 2022, ilihamishiwa /usr/lib/sysimage/rpm, hatua ambayo openSUSE ilikuwa imeitangulia. Sababu yake ni ya kimantiki. Mifumo ya kisasa huweza kuhifadhi taswira ya /usr na kuirejesha sasisho linapoharibika, ilhali /var huachwa kama ilivyo ili data ya watumiaji isirudishwe nyuma. Hifadhidata ikiwa katika /var, programu zitarudi kwenye toleo la zamani huku rekodi ikiendelea kutaja toleo jipya. Kuanzia hapo, kila uamuzi wa rpm utajengwa juu ya taarifa isiyo ya kweli.

Mabadiliko haya hayapingani na vigezo vya FHS. Rekodi hiyo hubadilika pale tu msimamizi anapobadilisha vifurushi, yaani pale /usr yenyewe inapobadilika. Kwa hiyo inastahili kuandamana na kile inachokieleza.

5.0 Hitimisho
Makala haya yameonyesha kuwa kabla ya kufuta, kuhamisha au kunakili faili lolote la usimamizi wa vifurushi, msimamizi anapaswa kujiuliza maswali matatu: Ni nani aliyeliandika? Je, linaweza kupatikana tena kutoka kwingine? Linaeleza hali ya saraka ipi? Lililoandikwa na binadamu linakiliwe. Linalopatikana tena laweza kufutwa. Na linaloeleza hali ya saraka nyingine lihifadhiwe na kurejeshwa pamoja nayo. Diski inapojaa, mahali salama pa kuanzia ni apt clean, si /var/lib.