Kompyuta Inapowaka, Nani Huiamsha Keneli?



Mwaka jana katibu wa parokia moja alinipigia simu akiwa na hofu. Kompyuta ya ofisi, inayotumia Linux, ilikuwa imekwama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Ndani yake mlikuwa na orodha ya waliobatizwa, na wachumba walikuwa wakisubiri vyeti. "Frateri, imekufa. Tuifute yote tuanze upya?" Nilimwomba asifute chochote, anitumie tu picha ya maandishi yale.

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozipangia programu zamu ya kutumia prosesa na inayoongoza vifaa. Programu yoyote unayoifungua hupakiwa na keneli. Je, keneli yenyewe hupakiwa na nani?

Umeme unapoingia, RAM bado haina kitu cha kutumika. Prosesa imeundwa ianze kusoma amri kwenye anwani moja isiyobadilika. Hapo hukuta programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu, ambayo katika kompyuta nyingi za siku hizi huitwa UEFI. Hiyo huandaa RAM, hutafuta diski, kisha huita programu ya kupakia, kwa mfano GRUB. GRUB huweka kwenye RAM vitu viwili, yaani keneli na furushi dogo la mafaili ya kuanzia, kisha huikabidhi keneli kazi yote.

Keneli hufika ikiwa imebanwa ili ichukue nafasi ndogo, kwa hiyo hatua yake ya kwanza ni kujifungua. Hupanga kumbukumbu, huandaa njia ambayo vifaa vitaipigia hodi, na kuweka utaratibu wa zamu. Mpaka hapa mafaili yetu hayajaguswa. Katika lile furushi mna draiva za kuiwezesha kufungua diski. Kwa msaada wa furushi hilo, keneli huanzisha programu namba 1, mzazi wa programu zote za mtumiaji. Ikishindwa, hutangaza hatari na kusimama.

Picha ya katibu ilionyesha kwamba keneli ilishindwa kufungua sehemu kuu ya diski. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya kusasisha mfumo, na furushi la keneli mpya halikukamilika. Diski ilikuwa nzima. Katika orodha ya GRUB tulichagua keneli ya zamani, kompyuta ikawaka, na kabla ya jambo lingine tukanakili orodha ya ubatizo kwenye flashi. Kama angeifuta, angepoteza kumbukumbu zilizokuwa salama.

Sisi wa falsafa hupenda kuufananisha mnyororo huu na njia ya kwanza ya Mtakatifu Thomas wa Akwino kuhusu Msukumaji wa Kwanza. Tuwe waangalifu. GRUB ikishakabidhi kazi, haihitajiki tena, kama baba ambaye mwanawe huendelea kuishi hata yeye akifariki. Thomas hakujenga hoja yake juu ya mfuatano wa namna hiyo. Mfano wake ni fimbo, isiyosukuma kitu ila mkono unapoisukuma. Katika kompyuta, kinachokaribia mfano huo ni umeme, kwa kuwa ukikatika sasa hivi, keneli na vyote ilivyoanzisha husimama papo hapo.