Je, Hapo Kale Kila Mzee Alikuwa na Wake Wengi?

Katika mdahalo wa chama chetu hapa Kahawa Wendani, nilisimama kifua mbele nikatangaza, "Hapo kale kila mwanamume Mkikuyu alioa wake wengi!" Makofi yakarindima. Kisha mwanafunzi mmoja mdogo akauliza tu, "Umejuaje?" Lo! Nikakosa la kusema. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jambo hili lilinikera kwa kuwa nyanya yangu aliolewa mke wa pili. Nilikuwa nimezungumzia kwetu bila ushahidi! Basi nikaanza kuutafuta.

Kwanza, masimulizi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, asimulia kwamba hapo mwanzo wanawake ndio waliotawala na kuwa na waume wengi. Wanaume wakala njama, wakawapa mimba wote wakati mmoja, wakanyakua utawala, na ndoa ya mitara ikaanza. Ati ushahidi ni koo zetu, ambazo hadi leo zina majina ya mabinti wa Mumbi: Anjiru kwa Wanjiru, Ambui kwa Wambui. Lakini ngoja kidogo! Huenda hadithi ilitungwa ili kuyaeleza majina hayo. Tena Kenyatta aliandika miaka 9 baada ya mzozo wa 1929 kati ya wamishenari na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Alikuwa akitetea mila, nao wamishenari walikuwa wakizipinga. Mtetezi si lazima awe mwongo, ila msikilize ukijua anatetea nini.

Pili, kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1901. Kila mke alikuwa na nyumba yake, naye mume thingira yake. Basi si tuhesabu nyumba tu? Wapi! Nyumba nyingine ilikuwa ya mama mzazi au mjane, na watu wengine walibanana katika nyumba moja ili kuikwepa kodi.

Tatu, hesabu. Wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawa. Kila mwanamume akioa wawili, hao wa pili watatoka wapi? Wengine sharti wangoje, au wakose kabisa.

Mwisho nikamwuliza nyanya. Akacheka, "Mjukuu wangu, mahari ni mbuzi, si maneno. Waliooa wengi ni wenye mali." Huyu ni shahidi aliyeona, ingawa aliona kijiji chake na wakati wake tu.

Kwa hivyo nayasahihisha maneno yangu: ndoa ya mitara ilikubalika na kuheshimiwa, lakini si wote walioimudu.

Nawe mwenzangu, ukisikia "hapo kale wote...", uliza: Nani asema? Alijuaje? Anatetea nini? Yule mdogo wetu alinifunza mengi kwa neno moja tu.